Iage Kwanza, Ndipo Uzime

Vuta kiti ukae, na hiyo hasira iweke chini kidogo. Sina haja ya kukuuliza kilichotokea. Umefika studio asubuhi, wateja wa picha za pasipoti wamekwisha kaa kwenye benchi, umefungua Photoshop, na Photoshop haikujui. Vipimo ulivyoviweka kwenye milimita vimerudi kwenye inchi. Paneli ulizozipanga upande wa kulia zimetawanyika. Brashi za kusafishia ngozi hazionekani, na ile aksheni uliyoirekodi kwa jasho, inayokata picha kwa bonyezo moja, haipo. Jana ilikuwa hivyo hivyo, na juma lililopita pia. Sasa unataka kuing'oa programu nzima uipakie upya, au umekwisha kumpata fundi wa mtaani aliyekuambia dawa ni kuifuta kompyuta yote, na bei ameitaja.

Usimlipe bado. Vijana wengi wamenijia na kesi hii hii, kila mmoja akiamini amerogwa yeye peke yake, na mdomo wangu umechoka kurudia. Lakini afadhali nichoke mimi kuliko wewe kupoteza picha za harusi za watu.

Lishike kwanza jambo hili moja, maana mengine yote yanatoka humo. Programu haikukumbuki. Inachofanya ni kusoma faili. Kila ulichokichagua, tangu kipimo cha rula hadi mahali pa paneli, kimeandikwa kwenye faili fulani ndani ya kompyuta, na kila Photoshop inapofunguka inalisoma faili hilo ndipo ijue wewe ni nani. Isipolikuta, au ikilikuta limeharibika, inaandaa jipya lenye mipangilio ya kiwandani na kuendelea na kazi. Na faili hilo haliandikwi kila unapobadili kitu. Adobe wenyewe, wenye programu, wanaeleza kwamba mipangilio huhifadhiwa kila mtu anapotoka kwenye programu. Anapotoka, mwanangu. Kubonyeza OK hakutoshi. Unamjua mwenye duka anayekopesha unga na sukari mchana kutwa huku hesabu zote akizibeba kichwani, halafu daftari la madeni akaliandika usiku anapofunga mlango? Siku atakayoanguka mchana, daftari litakuwa na madeni ya jana tu. Photoshop ndiye mwenye duka huyo. Toleo lake la kwanza lilitoka Februari 1990, na pamoja na mapambo yote iliyovishwa tangu hapo, bado daftari lake inaliandika wakati wa kufunga.

Basi nijibu: jana ulitokaje?

Ulibonyeza Ctrl na Q, ukasubiri mpaka dirisha likaondoka lenyewe? Au umeme ulikatika ukasema basi, hiyo ndiyo siku imeisha? Au ulikuwa unakimbilia daladala, ukakishikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta ikazima kwa nguvu? Au programu iliganda, ukaingia Task Manager ukaichinja? Njia hizo zote zinaimaliza programu kabla haijaandika neno. Nyinyi vijana mna mkono mwepesi sana kwenye kuchinja. Programu ikichelewa kidogo tu, mnaiua, kumbe ilikuwa inahangaika na picha kubwa na ingemaliza. Na wenye Mac msinitazame kwa dharau. Huko nako kufunga dirisha na kufunga programu ni mambo mawili, na kutoka ni kwa Command na Q.

Usiniambie pia kwamba siku hizi kuna hifadhi inayojiendesha yenyewe. Ipo, imekuwepo tangu Photoshop CS6 ya mwaka 2012, na kwa kawaida inafanya kazi kila baada ya dakika 10. Lakini inachookoa ni picha uliyoifungua. Brashi uliyoiunda saa nne na aksheni uliyoirekodi saa tano haziko katika hesabu hiyo. Hizo zinangoja kuagana. Umeme ukikatika saa sita kabla hujatoka, utaipata picha na utazikosa zana.

Ndiyo maana nawaambia kila siku: ukishapanga mambo yako, ukishaunda brashi mpya au aksheni mpya, toka kwenye programu palepale, ifungue tena, ndipo uanze kazi za wateja. Ni dakika moja. Mnaniona mzee wa mikogo. Lakini kwa kutoka hivyo umeilazimisha iandike, na hata umeme ukikatika baada ya hapo, kilichoandikwa kimeandikwa. Na kama studio inaingiza hata senti, nunueni ile betri ya akiba ya kuwekea kompyuta, UPS. Kazi yake siyo kukuwezesha kuendelea na kazi gizani. Inakupa dakika chache za kuhifadhi picha na kutoka kwa heshima, basi. Wapo wanaoinunua halafu wanaitumia kuchajia simu, na umeme ukikatika inakufa pamoja na kompyuta.

Sasa, inawezekana wewe unatoka vizuri kila siku na bado asubuhi unakuta kila kitu kimerudi mwanzo. Hapo ndipo watu huanza kubahatisha: huyu anang'oa programu, yule anabadili antivairasi, mwingine anaongeza RAM. Usibahatishe. Fanya jaribio dogo, lenye badiliko moja tu, ili jibu liwe moja. Fungua Photoshop bila kufungua picha yoyote. Badili vipimo vya rula kutoka inchi kwenda milimita. Toka kwa Ctrl na Q. Ifungue tena uangalie. Kisha, hata kama milimita zimebaki, izime kompyuta kwa utaratibu wake, iwashe upya, uangalie mara ya pili.

Kama milimita zimebaki mara zote mbili, programu yako ni nzima na kompyuta yako ni nzima. Tatizo liko kwenye namna mnavyozima. Rudi pale juu nilipoanza.

Kama zimebaki ulipofungua mara ya kwanza lakini zikapotea baada ya kompyuta kuwashwa upya, basi Photoshop imeandika vizuri, ila kuna mwingine anayefuta. Huyu anaweza kuwa na sura kadhaa, na kwa ninavyozijua kompyuta za kwetu, ambazo nusu zimetoka kwenye maabara za shule na intaneti kafe zilizofungwa, sura ya kwanza ni Deep Freeze. Hiyo ni programu wanayoiweka wenye intaneti kafe ili mteja akiharibu chochote, kompyuta ikiwashwa upya irudi kama ilivyokuwa siku ilipogandishwa. Kwa kafe ni neema. Kwa mtu wa picha ni balaa, maana inafuta mipangilio, inafuta brashi, na ukihifadhi picha kwenye diski iliyogandishwa inafuta na picha yenyewe. Tazama kule chini kulia, karibu na saa. Ukiona kijipicha cha dubu, umemkamata. Usijaribu kumng'oa kwa nguvu. Mtafute aliyekuuzia, akupe nywila, diski iyeyushwe, upange mambo yako, na kama bado unaitaka programu hiyo, igandishe baada ya hapo. Kama alinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu na nywila haijulikani, basi hapo, na hapo tu, kufuta kompyuta yote na kuweka Windows upya ni ushauri wa haki. Toa picha zako kwanza.

Sura ya pili ni wasifu wa muda. Windows ikishindwa kusoma wasifu wa mtumiaji wakati wa kuingia, pengine kwa sababu siku moja umeme ulikatika ikiwa katikati ya kuandika, haikuzuii kuingia. Inakupa wasifu wa muda, inakuonyesha taarifa fupi pembeni ambayo nyote huwa mnaifunga bila kuisoma, na ukitoka inafuta kila kitu ulichokifanya ndani yake. Dalili zake ziko wazi kwa anayetazama: picha ya ukutani imebadilika, mafaili uliyoyaacha kwenye eneo-kazi hayapo, na ukifungua folda ya Users katika diski C unakuta humo folda iitwayo TEMP. Washa upya kwanza. Mara nyingine inatosha. Ikikataa, tiba iko kwenye rejista ya Windows, sehemu inayoitwa ProfileList, na huko sikutumi wewe peke yako. Mtafute mtu anayejua anachokifanya, naye anakili rejista kabla hajagusa chochote. Akiwa ni mtu anayekasirika ukimwambia anakili kwanza, mwache aende.

Kwenye Mac kuna kinachofanana na hicho: akaunti ya mgeni. Mtu akiingia kama mgeni na kufanya kazi siku nzima, akitoka tu, folda yake yote inafutwa. Imeundwa iwe hivyo makusudi. Vijana wanaokuja kusaidia msimu wa mahafali ndio wanaofanyiwa mchezo huu, kwa sababu mwenye studio hataki kuwapa nywila yake. Watengenezee akaunti yao ya kawaida, haidai malipo.

Na zipo hizi programu za kufagia kompyuta, mnazozipakua kwa ahadi kwamba mashine itakuwa na kasi. Baadhi yake zimepangwa kufagia kila kompyuta inapowaka, na haziulizi hiki ni taka au ni mali. Nitaipita haraka hiyo kwa sababu msimamo wangu mnaujua: ziondoeni.

Imebaki hali ya tatu, ya milimita kupotea hata kabla hujazima kompyuta. Umetoka vizuri, umefungua tena hapo hapo, na inchi zimerudi. Hii maana yake daftari haliandikiki kabisa, na ni lazima uende ulipo ukalitazame kwa macho. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%, bonyeza Enter. Umeingia kwenye folda ambayo kwa kawaida Windows inaificha. Ndani yake fungua Adobe, kisha folda yenye jina la Photoshop na toleo lako, kisha ile inayoishia na neno Settings. Humo kuna faili ambalo jina lake linaishia Prefs.psp. Hilo ndilo. Kwenye Mac liko ndani ya Library ya mtumiaji, upande wa Preferences, na Library hiyo nayo imefichwa tangu mwaka 2011 toleo la Lion lilipotoka. Ukishikilia kitufe cha Option huku ukifungua menyu ya Go kwenye Finder, itajitokeza.

Tazama tarehe na saa ya mwisho ya kubadilishwa. Ukitoka Photoshop saa nne na dakika tano, saa ya faili inapaswa kuwa saa nne na dakika tano. Ikiwa bado inaonyesha tarehe ya mwezi uliopita, programu inabisha hodi na haifunguliwi. Sababu ya kuichunguza kwanza ni diski kujaa, na nasema ya kwanza kwa sababu ndiyo ninayoikuta mara nyingi kwenye studio. Photoshop hutumia diski kama meza ya ziada ya kazi. Picha kubwa zenye tabaka nyingi zinaweza kula gigabaiti nyingi za C kwa mchana mmoja, na nyinyi humo humo mmejaza video za harusi ambazo wenyewe wamekwisha kuachana. Diski ikifika sifuri, hakuna pa kuandikia, na faili la mipangilio linaweza kuandikwa nusu likawa halisomeki. Hamisha video hizo kwenye diski ya nje, kisha ndani ya Photoshop elekeza diski ya kazi iwe D kama unayo.

Kama nafasi ipo, bofya faili hilo kwa kitufe cha kulia, angalia sifa zake: limewekwa lisomeke tu bila kuandikwa? Kuna wajanja wanaofanya hivyo makusudi, wakishapanga mambo yao wanalifunga faili lisibadilike, halafu wanasahau, au wanaacha kazi na kuondoka na siri hiyo. Toa alama ya tiki. Angalia na antivairasi, kwa sababu inaweza kuizuia programu isiyoiamini kuandika, na hapa sitajifanya sijui: nakala nyingi za Photoshop mtaani zimevunjwa kufuli, na antivairasi inaona mkono wa mwizi ndani yake, inanyofoa vipande, inazuia mengine. Huwezi kuilaumu kwa kufanya kazi yake. Mwenye nakala ya namna hiyo hana haki ya kulalamika kwamba inasahau.

Kuna na hii ya kuchekesha, ambayo humsumbua mtu kwa sababu haina mpangilio: leo mipangilio ipo, kesho haipo, keshokutwa imerudi. Uliza nani anaiwashaje. Ukiifungua programu kwa njia ya msimamizi na ukaombwa nywila ya akaunti nyingine, Photoshop inafunguka kwa jina la akaunti hiyo, na inasoma daftari la mwenye akaunti hiyo. Umeingia kwa jirani, ndiyo maana huoni vitu vyako. Vivyo hivyo ninyi wawili mkiwa na akaunti mbili kwenye kompyuta moja, kila mmoja ana mipangilio yake. Hakuna kilichopotea. Na toleo jipya likija, linajitengenezea folda yake lenyewe kando ya ile ya zamani. Likikuuliza mara ya kwanza kama lihamishe mipangilio ya toleo lililopita na wewe ukabonyeza hapana kwa kuwa una haraka, utalia bure. Kwenye menyu ya Edit, upande wa Presets, kuna njia ya kuzihamisha baadaye. Folda ya zamani huwa bado ipo, labda uwe umeifuta.

Kuhusu kuing'oa programu na kuipakia upya, sasa unaona kwa nini nilikuzuia. Faili la mipangilio halikai pamoja na programu. Liko kwenye wasifu wako. Unaweza kuing'oa Photoshop na kuirudisha, na faili lililoharibika likakusubiri pale pale, kwa hiyo umepoteza bando la intaneti na hujatibu kitu. Wakati wa kuing'oa, kiondoaji cha Adobe hukuuliza kama ubakishe mipangilio au uiondoe. Ukichagua kuiondoa, ndipo umepoteza kwa mkono wako hata kile kidogo kilichokuwa kimesalia.

Unachokitafuta, endapo faili limeharibika kweli, ni kulianzisha upya hilo tu. Shikilia Ctrl, Alt na Shift mara tu unapoanza kuifungua Photoshop, nayo itakuuliza kama ilifute faili la mipangilio. Dawa hii ni ya kweli, na mafundi wote wanaianza hiyo. Lakini ni dawa ya kufuta! Inakupa mwanzo mpya, na kilichokuwemo kinaondoka. Wapo wanaoambiwa na mtu kwamba hivyo ndivyo unavyoifanya Photoshop iwe nyepesi, wakaifanya kila asubuhi, halafu wananiuliza kwa nini inasahau. Kabla hujaitumia, nakili folda nzima ya Settings uiweke pembeni. Kisha ukitaka kuwa na uhakika kama ni faili au ni akaunti yenye ugonjwa, tengeneza akaunti mpya ya Windows, ufanye jaribio lile la milimita humo. Ikishika huko, akaunti yako ya zamani ndiyo inayoumwa.

Wenzenu wanaotumia GIMP, ile isiyolipiwa ambayo Spencer Kimball na Peter Mattis waliianza mwaka 1995 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, wasidhani hawamo. Nayo ina folda yake ndani ya %APPDATA%, na ndani ya mipangilio yake kuna visanduku vinavyosema ihifadhi mahali pa madirisha na chaguo za zana wakati wa kutoka. Kisanduku kikiwa hakina tiki, itasahau kwa amri yako mwenyewe. Kitu kimoja ninachoipendea: mafaili yake ya mipangilio, kama gimprc na sessionrc, ni maandishi matupu. Unayafungua kwa Notepad ukayasoma. Sijaona programu inayolipiwa yenye uwazi wa namna hiyo.

Haya, tuseme umelipata tatizo na umelitibu. Bado nina neno, na hili ndilo mnalolisikia kwa sikio moja. Programu si mahali pa kuwekea ujuzi wako. Aksheni yako ya pasipoti ni saa zako, na brashi zako ni jicho lako. Kwa nini ziishi ndani ya folda moja iliyofichwa, inayoandikwa mara moja kwa siku, kwenye diski iliyokwisha tumika miaka? Zitoe nje. Aksheni zinahifadhiwa kama faili la .atn, brashi .abr, rangi .aco, mikunjo ya mwanga .acv. Na kwa aksheni kuna kinachowakwaza wengi: ukichagua aksheni yenyewe, amri ya kuhifadhi inakuwa imefifia, haibonyezeki, mtu anakata tamaa. Chagua ile folda inayoibeba aksheni, itakubali. Mafaili hayo ni madogo sana. Weka nakala kwenye flashi inayokaa nyumbani, jitumie nyingine kwa barua pepe. Folda ya Settings nayo inakili kila unapobadili jambo kubwa, lakini inakili programu ikiwa imefungwa, na uirudishe programu ikiwa imefungwa, kwa sababu ukiirudisha ikiwa wazi itakuja kuandika juu yake inapotoka.

Kisha andika kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Sisi tuliofanya kazi kwenye chumba cha giza tulikuwa na karatasi ukutani: dawa ya D-76, nyuzi 20, dakika kadhaa kwa filamu fulani. Hakuna aliyesema huo ni ujinga, na mpiga picha mgeni akiingia alisoma akaanza kazi. Wewe bandika juu ya kompyuta yako: vipimo milimita, uchapaji pikseli 300 kwa inchi, picha ya milimita 35 kwa 45 ni pikseli 413 kwa 531, picha ya viza ya Marekani ni inchi 2 kwa 2, pikseli 600 kwa 600, nyuma nyeupe, nafasi ya rangi ile mliyokubaliana na maabara inayowachapia, diski ya kazi ni D. Programu ikisahau yote kesho asubuhi wateja wakiwa kwenye benchi, utairudisha kwa kusoma, hutahitaji kukumbuka, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na tatizo.

Sasa rudi studio. Kitu cha kwanza, kabla ya jaribio, hifadhi aksheni na brashi zilizobaki kwenye flashi. Kisha fanya jaribio la milimita, na usibadili kingine chochote mpaka ujue uko katika hali ipi kati ya hizo tatu. Jioni unipigie uniambie ni ya ngapi.